Ubao wa Sita

Mbao za kuandikia zilikuwa tano, watoto sita. Kinamama wa Igombe waliosomesha watoto wao nyumbani walishakubaliana: kesho madrasa ianzie barazani kwa Bibi.

"Tutoe ule wa Sudi, mama," alisema mkwewe, mama yake Sudi.

Bibi akautoa chini ya kitanda. Mstari wa mwisho wa mjukuu wake, wa wino wa masizi, ulikuwa nusu, vile alivyouacha asubuhi ile mtumbwi ulipozama. Miaka mitatu hakuruhusu tone liuguse.

Akauosha mwenyewe kwenye bakuli. Maji yakawa meusi.

"Tuyamwage wapi? Aya hazikanyagwi. Ziwani?" mkwewe aliuliza.

Bibi akalitazama ziwa lile, ambalo halikumrudisha Sudi hata azikwe.

"Limeshachukua la kutosha."

Akanywa nusu, akampa mkwewe bakuli.