Kibuyu cha Mafuta

"Mdachi atakulipa kibanda tu," mkalimani alisema, Mdachi mwenyewe akiwa amesimama nyuma yake. "Moto wako na wateja wako si mali. Boma litajengwa hapa."

Kisioki mhunzi aliitazama fuawe yake. Baba yake alifua mikuki hapo hapo, kando ya mto Themi. Huko Moshono alikoambiwa ahamie, nani angemfuata?

"Haya, ondoa vitu vyako," mkalimani akahimiza.

Hakuinuka. Mdachi akachoka kungoja, akainyakua sime mpya kwa mkono mkavu. Watu wakarudi nyuma. Chuma cha mhunzi hakishikwi kabla ya kupaka mkono mafuta. Ukikishika hivyo, kitakudai damu.

Kwa mazoea, Kisioki alikuwa ameshakichukua kibuyu cha mafuta na kukizibua ampake mkononi.

Akamtazama Mdachi. Kisha, taratibu, akarudisha kizibo.