Jicho la Scola

Kitendawili! Vijana ishirini na wawili wanakimbia uwanja mzima, hawatoki jasho wala hawaombi maji. Umeshindwa? Haya, nipe mji. Ukinipa Ikola kule ziwani nitakula samaki. Jibu ni ile gemu ya video ya Kombe la Dunia iliyokuwa kwa jirani yetu hapa Makanyagio, mwaka wa tisini na nane.

Mjukuu wangu Scola ndiye alikuwa bingwa wa gemu hiyo, mpaka kibanzi cha kuni kikamrukia jicho la kushoto. Alifungwa bandeji wiki mbili. Siku ilipotolewa nikamuuliza, "Unaona?" Akainamisha kichwa. Alikuwa anaogopa hata kujaribu.

Nikampeleka kwa jirani, akashika pedi ya kuchezea gemu. Nikamziba jicho la kulia, lile zima, kwa kiganja changu.

"Bibi, mkono wako unanuka dagaa!"

"Cheza, mke mwenzangu."

Vidole vyake vikaanza polepole, kisha vikachangamka. Kope zilikuwa zinanitekenya kiganjani. Mara jirani akaruka: "Gooo!"

Mimi sikutazama gemu, nilimtazama yeye. "Scola, nilikuuliza. Unaona?"

"Naona, Bibi. Kipa wao kavaa njano, kalala chali kama mlevi."