Zamu ya Kulala ya Machano

Haya yaliwapata pundamilia, ila watu nao wayasikie. Pundamilia hulala kwa zamu, mmoja akilala mwingine husimama kumlinda. Machano alikuwa na bidii kuliko wote. Zamu yake ya kulala ikifika, yeye alikuwa akifanya mazoezi ya mbio, maana mama yake alikuwa na mguu mbovu, na Machano alitaka mbio za kumvuta simba mbali naye.

"Lala, mwanangu," mama alimwambia. "Mungu aliyekupa miguu ndiye aliyekupa usingizi."

"Simba hatangoja niamke, mama."

"Haya, bingwa. Wewe kimbia, mimi mvivu nilale."

Siku ya saba bila kulala, simba akatokea. Machano akaruka mbele yake kama alivyopanga, lakini hakufika mbali, akaanguka kwa uchovu. Mama yake alikuwa ndio kwanza ameamka. Akatoka mbio akichechemea, akamkatiza simba, na simba akamfuata yeye. Mama hakurudi.

Siku hizi Machano hulala zamu yake ikifika, na anayesimama kumlinda ni jirani. Kabla ya kufumba macho husema, "Ee Mola, nisamehe. Mama alipojiita mvivu, nilikubali moyoni."