Kontena Namba 107

Mfumo wa usajili uliganda tena saa tatu asubuhi, mara ya tatu wiki hiyo, na foleni ya wagonjwa ikatoka mlangoni mpaka kwenye jua. Milembe alizisikia sauti zao dirishani. Mtu mmoja alikuwa anagonga kioo cha usajili kwa ufunguo, bila kuacha.

"Fungua seva," alimwambia Joakim.

Joakim hakugeuka. "Nimeshaiwasha upya. Subiri."

Milembe alikuwa na wiki tatu tu kama mkuu wa TEHAMA wa hospitali hiyo ya Bariadi. Alikuja mjini kumfuata mumewe, Mayige, mwalimu wa sekondari, aliyefunga naye ndoa mwaka uliopita. Joakim alikuwa fundi hapo kwa miaka kumi na moja, na kila mtu alijua kuwa kiti cha mkuu alikitarajia yeye. Siku ya kwanza Flora wa masijala aliwatambulisha: "Huyu ndiye bosi wako mpya, mke wa Mwalimu Mayige." Milembe akamsalimu Kisukuma, mwangaluka. Joakim akampa mkono huku anatazama sakafu, akarudi kwenye kompyuta yake. Tangu hapo hakuwahi kumtazama usoni.

Seva ilikuwa moja. Ndani yake mlikuwa na makontena, kila moja likifanya kazi kama kompyuta inayojitegemea: la usajili, la maabara, la famasi, na mengine. Akaunti ya Milembe ilimruhusu kuyaona kwenye orodha tu. Akaunti kuu, ile inayoingia popote na kuzima chochote, nywila yake ilikuwa kichwani mwa Joakim.

Asubuhi hiyo Milembe aliisoma orodha kwa makini. Makontena sita yalikuwa na majina. La saba lilikuwa na namba peke yake, 107, na lilikuwa limemeza karibu nusu ya memori yote. Orodha ilionyesha pia kwamba kila siku saa moja asubuhi lilituma ujumbe kwenye simu za watu walio nje ya hospitali.

"107 ni la nani?"

"La Dokta Felisita."

"Mbona halina jina? Mbona halimo kwenye rejesta?"

"Mwenyewe alitaka hivyo."

"Dokta Felisita yuko masomoni na simu yake haipatikani. Umechagua shahidi mzuri."

Joakim aliendelea kuandika kwenye kibodi.

"Watu wako juani kule nje, wengine wamebeba watoto wenye homa, kwa sababu ya shughuli zako binafsi?"

"Sina shughuli yangu humo. Nitalipunguzia memori, usajili utarudi sasa hivi. Lakini humo usiingie."

"Nimekula kiapo kilekile cha kutunza siri ulichokula wewe. Kuna taarifa gani ya hospitali hii nisiyoruhusiwa kuiona?"

Joakim aliondoa mikono kwenye kibodi. Kisha akasema polepole, "Afungue mtu mwingine yeyote. Hata mlinzi. Si wewe."

Milembe alisimama. "Kwa sababu mimi ni mwanamke, au kwa sababu nimekalia kiti chako?"

Hakungoja jibu. Alikwenda moja kwa moja kwa mganga mfawidhi, Dokta Novatus, akarudi naye. Dokta alikuwa amechoka na kelele za foleni, hakutaka maneno mengi.

"Joakim, mpe nywila, au nenda nyumbani ukaandike barua ya kujieleza."

"Naomba tuongee wawili, Dokta."

"Hapana," alisema Milembe. "Kama una la kusema, sema hapa hapa, na mimi nasikia."

Joakim alitazama mlango, kisha dirisha. Mwisho akaandika nywila kwenye kipande cha karatasi na kukisukuma mezani.

"Mama, lizime tu. Nakuomba. Usiingie ndani."

"Hujawahi kuniita mama hata siku moja. Usianze leo."

Milembe hakutaka abaki karibu na seva, akaita mlinzi. Joakim akatolewa kupitia katikati ya foleni ileile, na mzee mmoja aliyesikia kwamba huyo ndiye aliyeharibu mashine akamtukana kwa Kisukuma.

Milembe alifunga mlango na kuketi kwenye kiti chake. Akaunti kuu ilimkubali mara moja. Alilibana kwanza kontena 107 lisichukue memori zaidi, na baada ya dakika chache mtu wa usajili akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta kwamba mfumo umerudi. Kugonga kioo kukaisha. Foleni ikaanza kusogea.

Angeweza kuishia hapo. Lakini barua ya kumfukuza mtu wa miaka kumi na moja inahitaji ushahidi, na yeye alitaka barua hiyo iwe mezani kwa Dokta Novatus kabla ya chakula cha mchana. Akaandika amri ya kuingia 107.

Ndani mlikuwa na faili moja tu. Halikuwa na majina ya watu. Lilikuwa na namba za simu, tarehe ya kila mmoja kuanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na ujumbe wa kuwakumbusha kumeza, ulioandikwa kwa namna ambayo mtu mwingine akiusoma asingeelewa.

Mstari wa nne ulikuwa na namba ya Mayige. Alianza dawa miaka miwili kabla ya harusi. Safu ya mwisho iliandikwa "Mwenza", na katika mstari huo Dokta Felisita alikuwa ameweka neno moja: "Hajui."