Korija Tano na Nusu

Kishikwambi kiliuliza: boriti mia moja na kumi, ukizifunga ishirini ishirini, utapata mafungu mangapi? Binti wa mkata boriti akaandika bila kukuna kichwa: korija tano na nusu.

Kioo kikawa chekundu. Kikamletea picha ya vifaranga watatu, kikamwambia awahesabu.

"Programu inajua kila mtoto kafikia wapi," alisema mtaalamu aliyekileta kutoka Dar, viatu vyake vyeupe vimejaa tope la Nyamisati. "Akikosa, inamrudisha chini mpaka pale anapoweza. Huyu uelewa wake ni asilimia nane."

"Inamjua," alisema Mwalimu Winifrida.

"Kutushinda sisi, mwalimu."

Winifrida alisonya. Hata yeye, mtu wa bara, neno korija alifundishwa na watoto hawa hawa, wiki yake ya kwanza, huku wakimcheka. Na bwana huyu aliyekuja kupima akili za watu hakuona haja ya kuuliza boriti zinahesabiwaje huku.

Msichana alikwishamgusa kifaranga wa kwanza, na wa pili. Kidole chake, chenye wekundu wa magome ya mkoko, kikasita juu ya wa tatu. Akamtazama mwalimu wake kama anayeuliza kosa lake.

Winifrida akakichukua kishikwambi, akakiweka mapajani mwa mtaalamu.

"Korija saba kasoro boriti tatu. Ni boriti ngapi?"

Mtaalamu akatabasamu, akingoja aambiwe korija ni nini. Darasa zima likamngoja yeye.

"Basi," alisema Winifrida, "malizia vifaranga."