Ziwa la Marehemu Saumu

“Maziwa hayajakutoka bado, mwanangu?” Bi Kidawa alimuuliza jirani yake Raziki. Mtoto wa Raziki alikuwa akinyonya chupa iliyohifadhi ziwa, titi lililo hai bado, la marehemu Saumu, binti wa Bi Kidawa. Ndivyo mji ulivyolisha wachanga. Mzazi akipata maziwa yake, sheria inataka chupa izimwe, na ziwa lililomo life.

Bi Kidawa aliipangusa kwa ncha ya kanga. “Saumu, mwanao kashiba,” aliinong’oneza. Chupa ikachuruzika maziwa kwa sauti yake, ingawa hakuna aliyekuwa akiinyonya.

“Bado, mama,” alijibu Raziki, akimkumbatia mtoto kuficha kifua. “Hata tone.”

Mtoto akalia. Gauni la Raziki likalowa maziwa yake mwenyewe mpaka kiunoni. Bi Kidawa alilitazama, akasema innalillahi, akaizima chupa kwa mkono wake. Maziwa ya Raziki yakaendelea kudondoka, naye Bi Kidawa akatoka.