Karai Moja la Chinsaga

Valarie alimimina maji ya chumvi kwenye miche akijua anaiua. Karai baada ya karai, majani yalikuwa yamelegea na kugeuka manjano, na yeye hakuruhusiwa kuyaokoa hata kwa tone la maji safi. Utafiti wake wa kusaka mche unaostahimili chumvi ndio ulitaka hivyo. Alichoweza kufanya ni kutazama tu, na iliuma.

Mbegu zilitoka kwa baba yake, kule ziwani, ambako maji ya kisima yalikuwa yamelijaza shamba chumvi hadi udongo ukawa mweupe. Zilikuwa za mgagani, mboga ya majani ambayo mzee aliiita dek. Hapa Ikonge, alikoolewa Valarie, ni chinsaga. Hizo ndizo mbegu za mwisho alizokuwa nazo mzee.

"Kuna iliyopona?" mzee aliuliza kila alipopiga simu, na Valarie akamuuliza habari za ng'ombe.

Kisha karai moja likakataa kufa. Chumvi ilikuwa imeziamsha jeni zilizolala ndani ya mimea ile: mizizi ikaizuia chumvi mlangoni, na iliyopenya ikafungiwa majanini isilete madhara. Maabara ilitaka majani mabichi kwenye barafu, ijue ni jeni zipi.

"Mama, nakimbia Keroka kutafuta barafu," alimwambia mama mkwe wake, Jemimah. "Hizo zingine zimekwisha. Hii moja ndiyo nzuri. Niangalizie, kuku wasiile."

"Enda tu. Kuku haitagusa mimi nikiwa hapa." Jemimah alimtazama kwa huruma. "Lakini umekonda, mwanangu. Hiyo kazi inakumaliza."

Aliporudi na boksi la barafu, Jemimah alimzuia mlangoni. Katika nyumba hiyo hakuna anayetoka safari akashika kazi kabla ya kula, na mke wa mtoto habishani na mama mkwe kuhusu chakula. Valarie akanawa mikono, akamega ugali. Mboga ilikuwa imepikwa kwa maziwa, laini kabisa. Alikula kwa furaha, akiwaza atakavyomwambia baba yake.

"Tamu sana, mama. Na chumvi imekolea."

Jemimah akacheka. "Chumvi gani? Si yote ulimaliza kwa makarai? Nimepika hivyo tu ile uliniambia ndiyo mzuri. Niling'oa yote, kabla kuku waione."